Nchi ya Mawe na Gari Lisilo na Haraka

Kutoka Iringa hadi Mwanza, kwa njia ya Dodoma, Singida na Shinyanga, barabara inakatiza nchi ya mawe ambayo Watanzania wengi wameipita na wachache tu wameitazama. Basi la abiria linaruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo kilima cha mawe chenye upana wa mita 400 hupita dirishani kwa sekunde 18, na mara nyingi pazia limeshavutwa kwa sababu ya jua. Abiria hana kosa, kwa kuwa amelipa nauli ili afike. Ninachodai ni kwamba mawe haya yanatosha kuwa sababu ya kufunga safari. Si mapambo ya njiani kwa mtu anayekwenda mbugani kutazama simba, wala si kitu cha kupigia picha wakati gari linajaza mafuta. Na ninadai kwamba namna inayoyafaa ni gari la mwendo wa pole kwenye barabara za vijijini, lenye watu wawili ambao hakuna anayewasubiri mahali. Mimi na rafiki yangu tuna desturi ya kutembea hivyo. Lakini desturi yetu si ushahidi kwa mtu mwingine, kwa hiyo nitaegemea mambo ambayo yeyote anaweza kwenda kuyahakiki kwa macho yake.

Tuanze na umri wa mawe yenyewe. Sehemu kubwa ya nchi hii imekaa juu ya kile ambacho wanajiolojia hukiita kratoni ya Tanzania, kiini cha kale cha bara chenye miamba iliyozidi miaka bilioni 2.5. Bonde la Ufa na volkano zake ni mambo ya juzi ukiyaweka kando ya graniti ya Singida. Graniti hiyo ilikuwa uji wa moto uliopoa taratibu sana, kilomita kadhaa chini ya ardhi, na kwa kuwa ulipoa taratibu ukapata nafasi ya kujenga chembe kubwa zinazoonekana bila darubini: feldispa nyeupe au ya rangi ya waridi, kwazi inayong'aa, na vipande vyeusi vya mika. Miamba iliyokuwa juu yake ilipomomonyoka, mzigo ulipungua, graniti ikatanuka, ikapasuka kwa nyufa za wima na za ulalo. Maji ya mvua yakapenya humo. Feldispa ikigusana na maji kwa muda mrefu huoza ikawa udongo wa mfinyanzi, na kwazi hubaki mchanga. Sasa, pande la mwamba lililozungukwa na nyufa hushambuliwa na maji kutoka pande tatu kwenye kona zake, pande mbili kwenye kingo, na upande mmoja tu kwenye nyuso. Ndiyo maana kona huisha kwanza, kama zinavyoisha kona za mche wa sabuni, na jiwe huviringika lingali limezikwa, kabla halijaona jua. Baadaye udongo laini uliolizunguka ulichukuliwa na mvua na mito, yakabaki mawe ya mviringo yaliyobebana, mengine yamekalia sehemu ndogo kiasi kwamba mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza huuliza ni nani aliyeyapandisha pale. Hakuna aliyeyapandisha. Jiwe la juu na jiwe la chini yalikuwa yamegusana tangu yakiwa mwamba mmoja, na kilichoshuka ni ardhi.

Jambo hilo likishaeleweka, kilima cha mawe hakitazamwi tena kama lundo. Mtu huanza kutafuta mistari ya nyufa inayopita kutoka jiwe moja hadi lingine, huona kwamba mawe matatu yaliyo mbalimbali yalikuwa pande moja, hupima kwa macho ardhi ilikuwa juu kiasi gani kabla haijachukuliwa. Hayo hayaonekani kwa sekunde 18. Hayaonekani pia kutoka upande mmoja, na hapa ndipo barabara ya vumbi inapoishinda lami. Aliyejenga barabara kuu alitaka unyoofu, na mwamba ulipomzuia aliupasua kwa baruti. Njia ya kijijini ilianza kama njia ya miguu na ng'ombe, ikakwepa kila kilichokuwa kigumu, kwa hiyo inazunguka kilima na kukionyesha uso baada ya uso. Jiwe linaloonekana limening'inia ukiwa mashariki yake huonekana limekaa imara kabisa ukifika kusini. Mwanga nao una zamu zake. Saa sita mchana graniti huwa bapa, yote kijivu, kwa kuwa jua la utosini halitoi kivuli cha kutenganisha jiwe na jiwe. Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni kila ufa una kivuli chake na kila mviringo una upande wa giza. Mwenye ratiba ya basi hawezi kuchagua saa. Mwenye gari lisilo na haraka anaweza kukaa chini ya mti mchana mzima akisubiri jua lishuke.

Kwa nini watu wawili? Sababu ya kwanza ni usalama, na ninaitaja kwa uzito wote. Dereva wa barabara ya kijijini ana ng'ombe, watoto wa shule, baiskeli zilizobeba mkaa, na makorongo yaliyochimbwa na mvua ya msimu uliopita. Macho yake ni mali ya barabara. Anayetaka kuendesha na kutazama vilima kwa wakati mmoja anahatarisha watu ambao hawakumwomba awatembelee. Sababu ya pili ni kwamba mawe hujibu maswali tofauti kwa watu tofauti. Rafiki yangu huanza na nyufa na rangi ya chembe. Mimi huanza na nyumba iliyojengwa chini ya jiwe na kujiuliza kwa nini mwenye nyumba alichagua pale. Kila mmoja hulazimika kumthibitishia mwenzake kile anachodai kukiona, na dai lisiloweza kuthibitishwa kwa kidole halisimami. Kuna wanaosema upweke ndio unaomfungua msafiri macho. Kwa bahari au jangwa pengine wana haki. Kwa kilima cha mawe, ambamo mtu mmoja huona sura ya tembo na mwingine huona rundo la mikate, upweke humwacha mtu na umbo la kwanza lililomjia kichwani.

Swali langu la nyumba chini ya jiwe si la pembeni, kwani ndilo linalobeba ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote. Katika Usukuma, mawe ya juu ya kilima ndiyo yanayoamua kinacholimwa chini yake. Graniti ikioza pale kileleni, mchanga wa kwazi hubaki karibu na mwamba, na huo ndio udongo ambao Wasukuma huuita luseni: mwepesi, rahisi kulimika kwa jembe la mkono, unaofaa mihogo, karanga na viazi vitamu. Chini zaidi mteremkoni kuna itogolo, ardhi iliyoshikamana na kuwa ngumu, na bondeni kabisa ipo mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji na kupasuka kiangazi. Huko chini ndiko yanakochimbwa majaruba ya mpunga. Mwingereza Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, katika miaka ya 1930, alitoa kwa sayansi ya dunia dhana ya udongo unaofuatana kwa mpangilio kutoka kilele hadi bonde, na dhana hiyo aliijenga kutokana na miteremko ya Afrika Mashariki. Wakulima wa Usukuma nao walikuwa na majina ya udongo wa mteremko wao, na walipanda kwa kuyafuata. Msafiri anayekwenda kilomita 25 kwa saa kwenye njia inayopanda na kushuka huuona mpangilio huo ukibadilika chini ya magurudumu: mchanga mweupe, kisha ardhi ya kijivu, kisha weusi, halafu mchanga tena na mawe ya kilima kinachofuata. Ataona michembe ya viazi imeanikwa juu ya mwamba tambarare uliopata joto, kwa kuwa hakuna mkeka unaokausha haraka kuliko huo. Atawaona pimbi wakiota jua, na michirizi myeupe ya mkojo wao iliyorundikana kwa vizazi chini ya maficho yao. Yote hayo ni kazi ya jiwe moja, na mtu aliyekuja kupiga picha ya jiwe tu ameondoka na sehemu ndogo kabisa.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba mawe ni mawe: ukiona kilima kimoja umeona vyote. Ni pingamizi la mtu aliyepita kwa lami, na kwa mtu huyo lina ukweli. Lakini fikiria tofauti zilizopo. Singida mawe yamerundikana kando ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, na mji umepenya katikati yake. Mwanza graniti inaingia moja kwa moja ndani ya Ziwa Victoria, ambako mawimbi yanaendelea kuosha udongo kutoka miguuni mwa mawe, kazi ileile iliyofanywa na mvua kwingineko. Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga ni mfano unaojulikana na kila mtu, lakini vilima vya jiji, ambavyo watu wamejenga nyumba hadi kileleni kwa kutumia mwamba kama ukuta wa nyuma, vina mengi zaidi ya kufundisha. Iringa, mwamba wa Gangilonga unautazama mji kutoka juu na jina lake halitenganishwi na la Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Na kilomita kama 20 kutoka hapo, upande wa barabara ya Mbeya, lipo korongo la Isimila, ambalo si la graniti hata kidogo. Nguzo zake ndefu zimechongwa na maji kutoka kwenye matabaka ya mchanga na udongo yaliyotua humo zamani, kila nguzo ikilindwa na kofia ya tabaka gumu zaidi. Chini yake yameokotwa mashoka ya mawe ya watu wa kale, na mtafiti F. Clark Howell pamoja na wenzake walifukua pale mwaka 1957 na 1958 wakapata, pamoja na zana, mifupa ya aina ya kiboko iliyokwisha toweka duniani. Graniti ya Singida itakuwepo kwa muda usiohesabika kwa maisha ya mtu. Nguzo za Isimila ni laini, na kila masika hupunguza kitu. Anayesema miamba hii inafanana na aende Isimila asubuhi, alale Iringa, kisha kesho yake ashike njia ya Dodoma kupitia Mtera na alinganishe mwenyewe.

Kondoa inahitaji maneno yake peke yake. Kwenye mteremko unaopakana na Bonde la Ufa, mabamba makubwa ya mwamba yamevunjika kwa nyufa na kuacha vibaraza vyenye paa, na chini ya mapaa hayo watu wamechora kwa maelfu ya miaka. UNESCO iliingiza eneo hili katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lina maficho zaidi ya 150 yaliyotawanyika katika kilomita za mraba 2,336. Michoro myekundu, ya watu warefu wembamba na wanyama, huhusishwa na jamii za wawindaji, na watafiti wengi wameihusisha na mababu wa Wasandawe na Wahadza. Michoro myeupe ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili mwaka 1951 na kuichapisha katika kitabu mwaka 1983. Ninayataja haya kwa sababu ya jambo moja ambalo maelezo ya watalii hulipuuza: wachoraji walichagua mwamba. Si kila jiwe lenye nafasi lilichorwa. Walitaka paa linalozuia mvua, na uso uliopasuka vizuri ukawa laini. Mchoro na ufa ni habari moja. Katika pango la Mungomi wa Kolo wenyeji wameendelea kufanya matambiko hadi nyakati zetu, kwa hiyo mahali ambapo mwanajiolojia anaona bamba lililovunjika na mwanaakiolojia anaona rangi, mkazi wa Kolo anaona mahali pa kuombea mvua. Safari ya haraka inaweza kuhudumia mmoja wa watazamaji hao. Hawatoshi wote watatu katika nusu saa.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Petroli ni ghali, gari ni ghali zaidi, na kuzurura kutazama mawe kunaonekana kuwa anasa ya wenye nacho. Ninalikubali kwa sehemu. Kumiliki gari si jambo la kawaida kwa Mtanzania wa kipato cha chini, na nikidai kwamba kila mtu anaweza nitakuwa nasema uongo. Hata hivyo, gharama ya mawe ni ndogo ukiilinganisha na ile tuliyozoeshwa kuita utalii: hapahitajiki gari la juu la kukodi, na sehemu nyingi hazina lango. Watu wawili wakigawana mafuta, nusu ya bei huondoka papo hapo. Asiye na gari ana bodaboda kutoka Iringa mjini hadi Isimila, na ana daladala hadi pembezoni mwa Mwanza, ambako vilima huanza kabla mji haujaisha. Kinachohitajika kwa lazima ni mwendo wa pole, na huo mwenda kwa miguu anao kuliko sisi wote. Gari ninalitetea kwa sababu umbali wa Tanzania ya kati ni mkubwa, si kwa sababu lina heshima.

Halafu kuna kokoto. Mtu anaweza kuniambia, na atakuwa na haki ya kuniambia, kwamba wakati mimi nasifu umbo la jiwe kuna mama ameketi kando yake na nyundo, akilivunja ili apate ada ya shule. Kwenye vilima vya Mwanza mawe huwashiwa moto hadi yapasuke, kisha hupasuliwa kwa mtaimbo na nyundo hadi kuwa kokoto za kujengea. Sitamwambia mtu huyo aache. Mji unaokua unahitaji zege, na zege linahitaji mawe. Lakini graniti ya kupasua ipo kwa wingi chini ya ardhi na kwenye miinuko isiyo na sura ya pekee, na mawe yaliyobebana kwa namna isiyorudiwa popote ni machache mno. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeyaorodhesha mbele ya mwenye nyundo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda michoro ya miambani iliyofanywa kabla ya 1863, yaani inalinda kazi ya mkono wa binadamu. Jiwe tupu haliingii moja kwa moja katika ulinzi huo, hata kama limesimama pale tangu kabla binadamu hajawapo. Hifadhi ya jiolojia ya Ngorongoro Lengai, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, imeonyesha kwamba miamba inaweza kupewa hadhi yake yenyewe, ingawa ilisaidiwa na wanyama waliokwisha itangaza Ngorongoro miaka mingi. Ninaona nchi ya graniti inastahili hatua ya namna hiyo, na halmashauri za wilaya hazina haja ya kuisubiri: zinaweza kukaa na wapasua mawe, zikakubaliana ni kilima kipi kipasuliwe na kipi kiachwe. Makubaliano ya namna hiyo hayawezi kufanywa na watu wasioyajua mawe yao kwa majina na kwa nyuso, na kuyajua ndiko ninakokupigania.

Wapo wanaohofu kwamba wageni wakija wataharibu. Hofu hiyo ina msingi. Rangi ya kupulizia imekwisha onekana kwenye mawe ya kando ya miji mingi, na Kondoa watu wamechimba sakafu ya mapango wakiamini Wajerumani walifukia hazina humo. Ila tazama aina ya uharibifu wenyewe. Mwenye rangi ya kupulizia hakuja kutazama jiwe, alikuja kutazamwa. Mwenye sururu alilitaka lililo chini ya jiwe. Anayezunguka kilima kwa saa mbili akitafuta ufa unaounganisha mawe matatu ni mtu mwingine, na kijiji humfahamu upesi, kwa kuwa hawezi kukaa saa mbili bila kusalimia, kuulizwa anatafuta nini, na kuomba ruhusa. Kenya kuna mfano wa kujifunza: Kit Mikayi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, hutembelewa kwa ada, huku waumini wa dhehebu la Legio Maria wakiendelea kusali katika mianya yake. Matumizi hayo mawili yamepatana kwa sababu wenyeji wanajua nani anaingia na kwa nini.

Anayetaka kuanza, njia nzuri kwa watu wawili ni kuondoka Dodoma alfajiri kwa barabara ya Kondoa na kupita mjini Kondoa hadi Kolo, iliyo kaskazini kwenye njia ya Babati. Hapo ipo ofisi ya mambo ya kale; lipeni kiingilio, chukueni mwongoza wageni wa pale, na vaeni viatu vinavyoshika, kwani kupanda hadi Mungomi wa Kolo ni kupanda kweli. Msiguse mchoro hata mmoja, na msiumwagie maji ili rangi ing'ae, tabia iliyoharibu mengi. Laleni Babati. Siku inayofuata shikeni lami ya Singida kupitia Katesh, mkiwa na mlima Hanang, volkano ya mita zaidi ya 3,400, mkono wa kulia. Mkishauacha mlima nyuma, graniti huanza kutokeza, jiwe mojamoja mashambani, kisha vilima vizima kadiri Singida inavyokaribia, na njia za vumbi za kuchepukia ni nyingi pande zote mbili. Badilishaneni usukani Katesh, ili aliyeendesha tangu Babati naye apate zamu ya kutazama.